Gari Limebadilika, Mtembea kwa Miguu Je?

 Katika makala haya nataka tujifunze pamoja habari za gari na namna lilivyobadilika tangu lilipoundwa hadi hivi leo. Mimi si dereva wala si fundi. Sijashika usukani hata siku moja, na kwetu nyumbani hatuna gari. Lakini kama ujuavyo, shule yetu ni ya kutwa. Mimi hutembea kilomita 3 asubuhi na kilomita 3 jioni kando ya barabara kuu, yaani kilomita 30 kila wiki. Nimeyaona magari ya kila namna, ya KA yaliyochoka, ya KB, ya KC na haya ya KD yanayong'aa. Waama, aliye ndani ya gari huiona barabara, lakini aliye nje ndiye anayeliona gari.

Watu wengi husema magari ya siku hizi ni salama kuliko ya zamani. Ni kweli kabisa, sipingi. Ila kuna swali moja ambalo husahauliwa: ni salama kwa nani? Hilo ndilo nitakalojaribu kulijibu.

Gari lilipoanza

Gari la petroli ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza liliundwa na Mjerumani Karl Benz. Alipata hataza yake tarehe 29 Januari 1886. Lilikuwa na magurudumu matatu tu, na ukiliona kwenye picha utadhani ni baiskeli ya mzee iliyofungwa kiti. Watu hawakuliamini. Mwaka wa 1888 mkewe, Bertha Benz, aliliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilomita 100 na ushei, pamoja na wanawe wawili. Hapakuwa na kituo cha petroli popote duniani, kwa hivyo alinunua mafuta kwenye duka la dawa njiani. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Wasichana wenzangu wanaoambiwa kwamba mambo ya magari ni ya wavulana, naomba mliweke jina hilo akilini.

Huko Marekani, Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T mwaka wa 1908. Mwaka wa 1913 alianzisha utaratibu mpya kiwandani: badala ya mfanyakazi kulifuata gari, gari lilipita mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja akafunga kipande chake. Kazi ya kuunga fremu ya gari, ambayo ilichukua zaidi ya saa 12, ikashuka hadi kama saa moja na nusu. Kufikia mwaka wa 1927 yalikuwa yameundwa magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo moja. Gari likaacha kuwa kitu cha matajiri peke yao.

Sasa turudi kidogo nyuma tumtazame mtu wa nje. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka wa 1865 iliyohusu mashine za mvuke zilizopita barabarani. Ilisema mashine isizidi maili 4 kwa saa mashambani, na maili 2 mjini. Tena mtu atangulie mbele kwa miguu akiwa na bendera nyekundu. Unacheka? Hata mimi nilicheka niliposoma. Lakini fikiri vizuri. Sheria hiyo ilimfanya mwenye mashine aende mwendo wa mtembea kwa miguu. Bendera ilianza kuondolewa mwaka wa 1878, na Novemba 1896 sheria mpya ikamwondoa na yule mtu wa mbele kwa magari mepesi, nao mwendo ukaongezwa.

Miezi mitatu tu kabla ya sheria hiyo mpya, tarehe 17 Agosti 1896, mama mmoja kwa jina Bridget Driscoll aligongwa na gari katika viwanja vya Crystal Palace, London, akafa. Ndiye anayetajwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini Uingereza. Dereva alisema alikuwa akienda maili 4 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 6. Mwendo huo ni wa mwanafunzi anayekimbilia kengele ya asubuhi! Hata kwa mwendo huo mtu alikufa.

Gari hapa kwetu

Hapa Kenya tulipenda magari mapema, na tulipenda yale yanayokwenda mbio. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka wa 1953. Joginder Singh aliyashinda mara tatu, mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta aliyashinda mara tano. Magari kama Peugeot 404 na Datsun yalipata jina kwa sababu ya vumbi na matope ya huku kwetu. Nyanya yangu husema kwamba siku za mashindano kijiji kizima kilihamia kando ya barabara. Wakati huo magari ya mashindano yalipita katika barabara zilezile za watu na ng'ombe. Mashindano hayo yalitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002. Yaliporudi mwaka wa 2021, sehemu za kukimbizana zilifanywa upande wa Naivasha katika njia zilizofungwa. Yaani hata wenye mbio walikubali kwamba mbio na watembea kwa miguu havikai pamoja. Hilo ni funzo kubwa, bwana!

Gari letu sisi wananchi ni matatu. Husemwa kwamba jina hilo lilitokana na nauli ya zamani ya mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu. Matatu ya kwanza yalikuwa mengi yao magari ya mizigo yaliyofunikwa nyuma na kutiwa viti vya mbao, na abiria walikaa wakitazamana, magoti kwa magoti. Baadaye zikaja Nissan za abiria 14, ingawa makanga alijua kuhesabu 14 ikawa 20.

Ndipo zikaja zile zinazoitwa sheria za Michuki, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Zilianza kutekelezwa Februari 2004. Kila abiria awe na kiti na mkanda wa usalama, matatu ipakwe mstari wa manjano, na iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wakubwa wetu wanasimulia kwamba kwa siku kadhaa watu walitembea hadi kazini maana matatu nyingi hazikuwa tayari. Ukiangalia vizuri, karibu masharti yote hayo yalimlinda abiria. Ni lile moja la mwendo tu lililomgusa mtu wa nje.

Aliye ndani amelindwa

Hebu sasa tuingie ndani ya gari lenyewe. Mjomba wangu ni fundi, ana gereji yake chini ya mti karibu na soko. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, gari la zamani na la sasa, lipi bora?" Akafuta mikono kwa tambara, akanijibu, "Mpwa wangu, la zamani lilikuwa lepesi kutengeneza, lakini likigonga, usukani ulikuwa mkuki."

Akanieleza maana yake. Gari la zamani lilikuwa la chuma kigumu tupu. Likigonga ukuta, lenyewe halikukunjika sana, kwa hivyo nguvu yote ilimfikia mtu. Mbaya zaidi, mtu hakufungwa, akarushwa kwenye usukani au kioo. Mambo haya yalibadilishwa hatua kwa hatua:

1. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alileta wazo la gari lenye pua na mkia unaokunjika, lakini chumba cha abiria kigumu. Gari likiumia, mtu asiumie.

2. Mwaka wa 1959 Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo alibuni mkanda wa usalama unaopita kiunoni na begani. Volvo iliwaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Mkanda ulio katika matatu yako ukienda Nairobi ni mtoto wa mkanda huo.

3. Mwaka wa 1978 gari la Mercedes-Benz lilitoka na breki za kielektroniki zinazozuia magurudumu yasijifunge, ili dereva aweze kukata kona hata akiwa amekanyaga breki kwa nguvu zote.

4. Ikaja pia mifuko ya hewa ambayo hujaa ghafla gari linapogonga.

Vifaa hivi vyote vimefika hadi kijijini kwetu, kwa maana magari mengi hapa hununuliwa yakiwa yametumika Japani, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hivyo tukisema aliye ndani amelindwa, tunasema kweli tupu.

Aliye nje je?

Mjomba aliniambia jambo jingine ambalo sijalisahau. Alisema, "Zamani gari lilikuwa linasema. Likija ulilisikia likiwa bado nyuma ya kilima. Likiumwa, ulilisikia likikohoa ukajua ni plagi au kabureta. Siku hizi naletewa gari limenyamaza kabisa, naunganisha kamashine ndiyo kanisomee ugonjwa."

Yeye alikuwa analalamikia kazi yake, lakini mimi nilifikiria barabara. Ni kweli, gari kuukuu la kubeba viazi nalisikia mapema, naenda pembeni. Gari jipya linafika mgongoni mwangu ndipo nasikia upepo wake. Na sasa yanakuja ya umeme, ambayo hayana ngurumo. Nairobi ina mabasi ya umeme yanayobeba abiria tangu mwaka wa 2022. Ni jambo jema kwa mapafu yetu. Lakini huko Ulaya waliona hatari yake, na tangu Julai 2019 sheria inataka aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti zikienda polepole, ili mtu azisikie.

Jambo la pili ni kimo. Magari mengi ya siku hizi yana pua ya juu na pana. Gari fupi likimgonga mtu mzima humpata miguuni, naye huangukia juu ya boneti. Gari lenye pua ya juu humpata kifuani, na mtoto wa darasa la pili humpata kichwani. Tena dereva aliye juu huko hawezi kumwona mtoto aliyesimama karibu kabisa mbele yake.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni mwendo. Hapa nitatumia hesabu ya Fizikia tuliyofundishwa mwaka huu. Tuseme dereva anachukua sekunde 1 tangu aone mtoto hadi akanyage breki. Tuseme pia lami ni kavu na breki ni nzuri, zinapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Nimepata hivi:

Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hukimbia mita 14 kabla ya breki, na mita 14 nyingine likifunga breki. Jumla ni mita 28.

Kwa kilomita 80 kwa saa, hukimbia mita 22 kabla ya breki, na mita 35 likifunga. Jumla ni mita 57.

Kwa kilomita 100 kwa saa, hukimbia mita 28 kabla ya breki, na mita 55 likifunga. Jumla ni mita 83.

Sasa tazama jambo la ajabu. Magari mawili yanakuja, moja kwa 50 na jingine kwa 80. Mtoto anaingia barabarani mita 28 mbele yao. La 50 linasimama mbele ya mtoto, karibu kumgusa. La 80, mahali palepale, bado linakwenda kilomita 73 kwa saa! Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea, kisha nikampelekea mwalimu wa Fizikia, akaiweka alama ya sahihi. Ukumbuke pia kwamba nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba: mwendo ukiwa mara mbili, pigo ni mara nne.

Kwa hivyo ndugu zangu, gari limebadilika sana tangu mwaka wa 1896, lakini jicho la dereva na mguu wake ni vilevile. Mifupa ya mtembea kwa miguu nayo ni ileile ya Bi. Driscoll. Kilichobadilika ni kitu kilicho kati yao. Tena nashuku kwamba dereva aliyefungwa mkanda, aliyezungukwa na mifuko ya hewa, asiyesikia injini, hajui hata anakimbia vipi. Kwake 100 ni kama kukaa sebuleni.

Si kwamba wataalamu wamemsahau kabisa mtu wa nje. Tangu mwaka wa 1997 shirika la Euro NCAP la Ulaya limekuwa likipima pia jinsi gari linavyomuumiza mtu likimgonga, na yako magari yanayojifungia breki yenyewe yakiona mtu mbele. Lakini hayo ni machache katika barabara yetu. Hapa Kenya, takwimu za ajali zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watembea kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaokufa barabarani.

Nasi hapa shuleni hatuhitaji takwimu. Mwaka jana mwenzetu wa Kidato cha Kwanza aligongwa akivuka kutoka stegini. Gari lenyewe lilikuwa zuri na jipya, na waliokuwa ndani hawakupata hata mkwaruzo. Yeye alivunjika mguu mara mbili, akakaa nyumbani muhula mzima. Alirudi na magongo akakuta wenzake wamefika mbali katika masomo.

Tufanye nini?

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Sisi wenyewe tunaweza kuanza hivi. Tutembee upande wa kulia, tukiyatazama magari yanayotujia, wala si kuyapa mgongo. Tusivuke mbele ya matatu iliyosimama, maana dereva anayeipita hatuoni wala sisi hatumwoni, tungoje iondoke. Wale wanaoamkia gizani wavae kitu cheupe juu ya sweta, kwa maana sweta letu la kijani kibichi usiku ni jeusi. Na wakubwa wawashike mkono wadogo wa shule ya msingi tunaopita nao njia moja.

Lakini nasema wazi, haitoshi kumwambia mtoto ajihadhari. Sheria ya trafiki ya Kenya inasema mwendo katika miji na vituo vya biashara usizidi kilomita 50 kwa saa. Kituo chetu ni cha biashara, na shule iko hapohapo. Hakuna bango, hakuna tuta, hakuna kivukio kilichochorwa. Napendekeza kwamba Chama chetu cha Kiswahili, ambacho kila mwaka hutufundisha kuandika barua rasmi kwa ajili ya mtihani, mwaka huu kiandike barua rasmi ya kweli kwa wanaohusika na barabara. Tuombe mambo manne: bango la 50, matuta pande zote mbili za lango, kivukio, na njia ya miguu hadi stegini. Hesabu ya hapo juu tuiambatishe. Mwalimu mlezi ameniambia kwamba barua ikiandikwa vizuri ataipitisha kwa Mwalimu Mkuu. Basi kalamu tunazo, na Kiswahili tunacho.

Msamiati

Hataza: haki anayopewa mvumbuzi ili wengine wasiige kitu chake bila ruhusa.
Kidhibiti mwendo: kifaa kinachozuia gari lisipite mwendo uliowekwa.
Kivukio: sehemu iliyochorwa barabarani ili watu wavukie.
Tuta: sehemu iliyoinuliwa barabarani ili magari yapunguze mwendo. Wingi ni matuta.
Mlezi: hapa ni mwalimu anayesimamia chama.

Maswali na zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kumlinda aliye ndani ya gari na kumlinda aliye nje. Toa mifano miwili ya kila upande.
2. Kwa nini gari lisilo na ngurumo linaweza kuwa hatari kwa mtembea kwa miguu?
3. Kwa kutumia hesabu ya makala haya, tafuta gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa litasimama baada ya mita ngapi.
4. Simama langoni na mwenzako. Pimeni kwa hatua mita 28 kando ya barabara, halafu mita 57. Tazameni mahali mlipofika, kisha mtazame magari yanayopita. Andikeni aya moja ya mtakayoyaona, mlete kwa katibu wa Chama iwekwe kwenye ile barua.